Bendera Nyeupe kwa Mama Mosa

Limpho, nimetoka sasa hivi kwenye kile kikao cha wanaoacha pombe.

Yule mama wa kikao niliyempigia simu aliniambia, "Tafuta nyumba yenye bendera nyeupe." Bendera nyeupe! Mji mzima wa Mafeteng unajua hiyo ni ishara kwamba pombe ya mtama imeiva. Nikasema, huyu ananitega. Na nikilewa tena, mama mkwe hanirudishii mwanangu Thato.

Nikagonga. Akafungua mwenye nyumba, Mama Mosa, yule yule wa kwenye simu. Nikamvaa hapo hapo mlangoni, "Mama, bendera ya nini?"

Akacheka! "Mwanangu, nilipika pombe hapa miaka ishirini, na kuinywa, kabla sijaacha. Nikiishusha bendera, majirani watauliza mnafuata nini. Wakiiona, wanadhani mmekuja kulewa, basi."

"Na wateja?"

"Nawaambia imekwisha."

Imekwisha! Limpho, yaani kuacha ndiko kwenye aibu, si kulewa!

Bado sikumwamini. Nikanusa kikombe alichonipa: chai. Nikahesabu watu: saba, hakuna hata mmoja aliyelewa. Nikazidi kuwatilia shaka.

Wakaniuliza jina. Nikasema Palesa.

Mzee mmoja akaitikia, "Karibu, Palesa. Mimi humu nilijiita Thabang miezi miwili." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Sikuwa na pa kuficha uso.

Nikasimama. "Naitwa Nthatisi. Jana nilikunywa."

Ndiyo, jana. Zile wiki tatu za kutokunywa nilizokuambia, ukanikumbatia ukalia, hazikuwepo.

Najua umesoma ujumbe huu. Nijibu, hata kwa matusi.