Breki za Baiskeli ya Baba

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la vioo,
Ghorofa ya chini.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijino,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wamepona kile kikohozi ulichokitaja? Na mguu je, baridi ya huko unaichukuliaje? Ulipoandika kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa kushika ukuta nilitaka kuuliza zaidi, nikajizuia. Sasa nauliza. Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala, anakohoa asubuhi tu. Mimi presha imeshuka, daktari kanipunguzia vidonge, ila kasema nisikae kitako muda mrefu. Utadhani hanijui.

Kukaa ndiko kulikonishinda. Tangu gazeti liniage kwa keki na saa ya ukutani, naamka mapema bila sababu, nafagia palipokwisha fagiwa, nachemsha chai nikaiacha ipoe, nasimama dirishani kama mtu anayesubiri matokeo ya mahakama. Binti yangu anasema nimekuwa kuku anayetafuta pa kutagia. Hata barua hii naiandika kwa vipande. Sasa hivi nimeinuka kwenda kuangalia jiko ambalo sikuliwasha.

Nije kwenye barua yako. Unasema mtakuja mwezi wa nane, lakini mtafikia nyumba ya wageni, na watoto hawatakanyaga kwangu maadamu Baba yumo. Umeandika, "Wanangu hawatamwamkia mtu aliyeng'oa breki ili aitwe shujaa." Sikukujibu wakati ule kwa sababu sikuwa na habari, nilikuwa na maoni tu. Sasa habari ninayo. Isome kabla hujalipia chumba.

Unajua tumemhamishia Baba kwangu, chumba cha nyuma. Nyumba ya zamani ilibidi iachwe tupu, nikaenda kumalizia kuondoa vitu vya stoo. Chini ya magunia na mabati niliikuta baiskeli. Ile ile. Nyeusi, imeparara kwa kutu, tairi zimekauka kama maganda ya muhogo, kiti cha ngozi kimeliwa na panya upande mmoja. Nilifikiri iliuzwa siku nyingi. Kumbe Baba aliitia stoo jioni ya ajali yako, na hakuna aliyeigusa tena.

Nilipoiingiza uani, Baba alikuwa dirishani. Aliitazama, kisha akageuza kiti chake kikaelekea ukutani. "Tupa," akasema. Nikamwambia nitaitupa nikishajua ni kitu gani. Nawe ungekuwepo ungesema nitupe, nafahamu. Lakini mikono yangu ilikuwa inawasha kwa kukosa kazi, na daktari alisema nisikae.

Nikaisukuma hadi kwa fundi wa baiskeli karibu na kituo cha mafuta. Wanamwita Gololi, maana ni mfupi, wa mviringo, na hatulii mahali pamoja. Tukapatana mara moja. Akaizunguka, akaipiga teke tairi.

"Mama, hii maiti. Mimi nauza vipuri, sifufui."

"Nani kakuambia ufufue? Nimekuja unitambulishe tu, marehemu ni nani."

Kutambua kulichukua muda mrefu kuliko kukarabati. Nembo ya mbele iling'olewa zamani, yamebaki matundu mawili. Gololi akataja kiwanda kimoja kwa kiapo, kesho yake akataja kingine kwa kiapo kile kile. Namba iliyogongwa chini ya kiti inasomeka nusu. Nimeuliza, nimelinganisha na fremu za wazee wengine wenye baiskeli, na ninachoweza kusema ni hiki: fremu ni kongwe kuliko ndoa ya wazazi wetu, gurudumu la nyuma halikuzaliwa nayo, lilitoka kwenye baiskeli nyingine na kufungwa humo na fundi hodari. Aliyeiunda simjui. Nimejaribu kumjua nikashindwa, na sitabuni.

Gurudumu hilo la nyuma ndilo lililonigombanisha na Gololi. Unakumbuka kale kachuma kalikotoka kwenye kitovu cha gurudumu, kamefungwa kwenye fremu kwa ukanda wa bati? Sisi tulikuwa tunasema ni ka kushikia pampu. Gololi akasema ni stendi iliyovunjika. Kisha akazungusha pedeli mbele, gurudumu likaenda. Akairudisha nyuma, likagoma.

"Limekwama," akasema. "Tunalitupa, tunaweka jipya, na breki za mkono juu. Si unaona haina breki?"

"Linagoma pande zote?"

"Mbele linakwenda. Nyuma ndiyo linagoma."

"Basi halijakwama. Kilichokwama hakichagui upande."

"Nyie watu wa magazeti," akasema, "hata tairi mnalihoji." Lakini akachukua spana.

Tulikiloweka kitovu kwenye mafuta ya taa. Kale kachuma nikakapaka masizi ya mshumaa nikafuta juu juu. Zikatokea herufi chache, na kando yake mshale uliopinda kuelekea nyuma. Gololi alipofungua, alitoa gololi zenyewe, akatoa grisi iliyoganda kama lami, kisha akatoa kibomba cha chuma kilichopasuliwa katikati. Akakitazama. Akakirudisha, akazungusha, akakitoa tena. Ukirudisha pedeli nyuma kinatanuka, kinabana kitovu kwa ndani, gurudumu linasimama. Gololi akainuka, akawaita mafundi wa kuchomelea mtaa mzima: "Jamani njooni, mama kaniletea baiskeli yenye breki tumboni!"

Kijino, breki hazikung'olewa. Zilikuwemo. Hazikuwa za mkono, zilikuwa za miguu.

Niliuliza maswali ambayo nawe ungeuliza. Je, ilikuwa inafanya kazi wakati ule? Kibomba kimelika kwa nje, kinang'aa kama sarafu iliyozeekea mfukoni. Gololi anasema hakiliki hivyo kwa kukaa, kinalika kwa kubana. Baada ya ajali hakuna aliyeipanda, kwa hiyo kulika huko ni kwa kabla. Alama ya mkono wowote wa breki kwenye usukani hakuna, wala tundu, wala mkwaruzo wa skrubu. Hakuna kilichowahi kufungwa pale kikatolewa.

Siku ile unaijua kuliko mimi, lakini ulikuwa juu yake, hukujiona. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa kinyozi, katikati ya mteremko wa sokoni. Ulipita mguu mmoja umeupenyeza ndani ya fremu, kama watoto wote wasiofika kitini. Ulipoanza kushika kasi uliachia pedeli zote mbili, miguu ikawa hewani, na mikono yako ikawa inapapasa usukani ikitafuta kitu. Kisha ukaingia kwenye mkokoteni wa matofali. Hivyo ndivyo nilivyoona. Ulitafuta breki kwa mikono.

Nilisita kidogo hapo juu. Nimeinuka, nimekwenda hadi uani, nimerudi. Naendelea.

Nilifunga kile kibomba kwenye kitambaa nikampelekea Baba. Nikakiweka mkononi mwake. Hata miwani hakuvaa.

"Breki," akasema, kama mtu aliyeulizwa kijiko ni nini.

"Ulijua?"

"Nimesoma mita za maji za mji huu mzima juu ya baiskeli hiyo, nisijue inasimamaje?"

Nikakaa kwenye kitanda chake, nikanyamaza. Unajua kazi yangu. Mtu ukimwachia kimya, mara nyingi atakijaza mwenyewe. Baba alikijaza taratibu. Nakuandikia alivyosema, sijaongeza wala kupamba.

Alisema, "Walikuwa wananiita Bila Breki. Nafika mlango wa watu kwa kasi, wanawake wanapiga kelele, wanavuta watoto, nami nasimama kimya, mikono kifuani. Wanaulizana, huyu anasimamaje? Fundi aliyenifungia gurudumu lile alikuwa amehama mji, mwingine mwenye kujua hakuna. Nilipenda, mama. Nilipenda mno. Ningewaambia, ningekuwa msoma mita tu."

Nikauliza, na Kijino?

"Nilimfundisha kwenda. Uani, nimeshika kiti. Kusimama nikasema nitamwonyesha akishafika kitini, iwe siri yetu wanaume wawili. Yeye hakusubiri." Akakigeuza kile kibomba mkononi. "Hospitali mama yenu aliniuliza, breki ziko wapi? Ningejibu nini? Kwamba zipo, zilikuwa chini ya nyayo za mtoto, na baba yake kazificha kwa ajili ya sifa? Nikanyamaza. Nikiwa bado nimenyamaza, watu wakanijibia wenyewe kwamba nilizing'oa."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Huenda ukasema amepanga maneno. Nimesikiliza watu wengi waliopanga maneno, kwenye vizimba na kwenye mikutano ya waandishi. Mtu anayepanga maneno hujisogeza mbali na kosa. Baba alikuwa anajisogeza karibu.

Sikuandikii ili kumsafisha. Umemshitaki kwa kung'oa breki, hakung'oa. Alichofanya ni kuzificha. Lipi zito kuliko jingine mimi siwezi kupima, maana mimi mifupa yangu yote ni mizima. Ila nakuomba ukimkasirikia, umkasirikie kwa kosa lake, usimkasirikie kwa kosa la mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Habari nyingine. Baiskeli sasa inatembea. Tairi mpya, mnyororo mpya, kiti nimekishonesha kwa fundi viatu, rangi nimekataa isiguswe. Gololi alitaka kuipaka nyekundu, tukanuniana siku nzima. Breki ni ile ile ya ndani, imesafishwa na kutiwa grisi tu. Binti yangu kaapa kwamba nikivunjika nyonga hatanifulia. Majirani nao wamepata burudani ya bure. Yule mwenye duka la vioo ananiamkia kila nikipita, "Shikamoo shangazi, mbio hizo, mume yuko kona gani?" Namjibu nimemwacha dukani kwake akipunguziwa bei.

Nilijifunza hapa uani. Mwanzo Baba alikaa vile vile, mgongo dirishani. Nilipokuwa nayumba mara ya tatu nikasikia sauti nyuma ya pazia: "Kisigino! Siyo vidole, kisigino!" Kumbe kiti kilikwisha geuka. Tangu hapo ananifundisha kutoka dirishani, na ni mwalimu mkali. Hakunifundisha kwenda. Alianza na kusimama, akaendelea na kusimama, hadi nikamwambia Baba, hata abiria wa meli hawafundishwi nanga siku zote hizi. Hakucheka.

Juzi niliipeleka mteremko wa sokoni. Nilitaka kujua kwa miguu yangu mwenyewe. Gololi alinifuata akiwa na sanduku lake la spana, nadhani kwa ajili yangu zaidi kuliko baiskeli. Nikaiachia toka juu. Kwa kinyozi, ambapo siku hizi ni duka la simu, nikaegemeza kisigino nyuma. Iliserereka kidogo, ikaacha mstari mweusi barabarani, ikasimama. Siyo kwa ghafla ya miujiza. Mtu mzima akiwa kitini inasimama vizuri. Mtoto aliyepenyeza mguu ndani ya fremu, hata angejua, sina hakika angekuwa na nguvu ya kutosha. Hilo nalo nimemwambia Baba, kwa sababu ni kweli. Akasema, "Angekuwa na nafasi ya kujaribu."

Nimekaa na maneno hayo tangu juzi, kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Ndiyo maana nimeshindwa kutulia hadi nishike kalamu.

Jana nilimwambia nakuandikia. Nikamuuliza kama ana neno nilitie humu. Akasema nikueleze kwamba breki zilikuwepo, na kwamba alikuwa anajua alichokuwa anaficha. Nimekwisha kueleza. Nikamuuliza, hakuna kingine? Kuna neno moja dogo ambalo wewe na mimi tunalijua, na hujawahi kulisikia kutoka kwake.

Akasema lipo. Lakini halitoi kwangu. Alisema barua zangu ni nzuri lakini neno hilo si la kutumwa na mtu, ni lake, na atalisema kwa mdomo wake akikutazama, ukitaka umpige, ukitaka umjibu, ukitaka uondoke.

Nilimbembeleza, nikamtega kwa maswali niliyowatega nayo mawaziri. Hakutoa. Kwa hiyo mdogo wangu, hilo silo la kulitafuta kwenye bahasha. Liko chumba cha nyuma, na mwenye nalo ana umri unaoujua. Chumba cha mbele nimekipiga rangi, vitanda vitatu vinaingia. Ukilipia nyumba ya wageni nitakuja kuwasalimu huko huko, na sitakulaumu.

Nisalimie wifi, mwambie sufuria aliyoniazima bado nzima. Wabusu wale wawili, shangazi yao anawasubiri na ana kipando. Binti yangu anakusalimu, anasema uje unizuie. Gololi naye anakusalimu, ingawa hakujui, maana gurudumu lako amelishika. Mungu awape safari ya salama na njia isiyo na vikwazo, na mguu wako aupe nafuu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponuna,

Dada