Jeki ya Gitaa la Felista

Jumatatu, 8 Julai

Sisi wazima. Bibi, mama mkwe wangu, mzima, ni mguu tu. Baba Felista yuko Mang'ola kwenye vitunguu, alipiga simu juzi, mzima. Felista mwanangu mzima. Ng'ombe mzima, maziwa yamepungua kwa hii baridi. Mimi mzima ila nimechoka.

Ukungu mpaka saa nne. Nimefua, hazikauki. Nimefagia chumba cha Felista. Gitaa lake la umeme lilikuwa kitandani. Ile jeki pembeni, pale anapochomeka waya, nati imelegea, jana alilalamika inacheza. Nikachukua spana ya baiskeli nikaikaza mpaka ikagoma. Nimefurahi kumsaidia.

Jumanne, 9 Julai

Gitaa halilii. Felista kachomeka kwenye spika yake ndogo, kimya. Kabadilisha waya, kimya.

Jumamosi anajaribiwa kwenye hoteli ya watalii, kule juu karibu na geti la Ngorongoro. Wanataka mpiga gitaa wakati wageni wanakula. Wakimkataa anarudi Mang'ola kung'oa vitunguu na baba yake. Ana miaka ishirini na mbili na mgongo unamuuma kama mimi.

Nilikuwa napepeta maharage. Nikapepeta na yale yaliyokwishapepetwa.

Jumatano, 10 Julai

Tumeshuka sokoni Karatu kwa fundi Sulle, fundi redio. Kafungua skrubu, kavuta jeki nje. Nyaya mbili ndani zimesokotana na kukatika, na mguu mmoja wa jeki, pale waya unapochomelewa, umevunjika.

Akauliza, "Nani kakaza hii bila kuishika kwa ndani? Imezunguka yote! Huyo mkono wake ni wa kufunga punda."

Felista akasema, "Ni mimi, fundi. Niliigusagusa wiki iliyopita."

Mimi nikaangalia barabarani kama kuna mtu namsubiri. Mama gani huyu.

Kupata nyingine ni kazi. Fundi alimwaga kopo zima la jeki kuukuu mezani. Nyingi ni vitundu vidogo vya redio, waya wa gitaa hauingii. Moja ya plastiki, nene, haikai kwenye nafasi yake. Moja ya chuma nzuri, lakini shingo fupi, ikitokeza nje nati haina pa kushika. Ya kuagiza Arusha ingefika wiki ijayo. Mwisho tukachukua ya chuma iliyotoka kwenye amplifaya mbovu. Shingo ndefu. Ila ina miguu mitatu, ya kwanza ilikuwa na miwili. Fundi akasema haina neno. Kachomelea. Hana spika ya gitaa pale, tukarudi bila kujaribu.

Nyumbani Felista kachomeka. Kimya vilevile.

Alhamisi, 11 Julai

Fundi kaenda msibani Mbulu, duka limefungwa, anarudi Jumapili. Felista kalala kageukia ukutani. Anasema ameliharibu mwenyewe, na lilimtoa jasho misimu miwili ya vitunguu. Hakula.

Bibi akasema kwa Kiiraqw, gitaa lisilolia ndiyo gitaa zuri, sasa ng'ombe atatulia atoe maziwa. Nilicheka. Halafu nikaona aibu.

Naogopa. Nikisema ni mimi, atanichukia. Nisiposema, anaendelea kujilaumu kwa kosa langu.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi Felista alikwenda kisimani. Gitaa lilikuwa mezani, skrubu zimefunguliwa, jeki inaning'inia. Sikugusa nyaya. Nilichomeka tu waya wa spika, polepole, nikatazama. Kuna ulimi wa chuma. Waya ukiingia, ulimi unanyanyuka na kuachana na mguu wa tatu. Na ule waya mwekundu fundi kauchomelea hapo hapo kwenye mguu wa tatu. Yaani ukichomeka tu, unakata mwenyewe. Nimechomeka na kuchomoa mara kumi. Ni hivyo.

Felista akanikuta nimeshika. Akasema, "Mama, liache, tafadhali."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyekaza Jumatatu. Kwa spana ya baiskeli. Nikakuacha ubebe wewe mbele ya fundi."

Katoka nje, kakaa na ng'ombe muda mrefu. Nilikaa pale pale na jeki yangu.

Aliporudi nikamwonyesha ule ulimi. Katazama. Kachomeka, kachomoa. Kaniambia niwashe jiko.

Tumepasha msumari wa inchi sita kwenye mkaa. Ukipoa tunarudisha. Risasi aliyochomelea fundi ikayeyuka, waya mwekundu tukauhamisha kwenye mguu wa ulimi. Kidole changu kimeungua, si neno. Wakati wa kukaza akasema, "Shika kwa ndani, mimi nakaza. Ukiachia, kesho utakwenda wewe hotelini ukawaimbie Wazungu."

Nilishika mpaka mkono ukafa ganzi.

Limelia. Bibi kapiga kelele mlango ufungwe. Felista hakunitazama machoni.

Jumamosi, 13 Julai

Kaondoka na gari la mboga. Kaniaga kama jirani. Nimelima kidogo, sikumbuki nimelima wapi. Saa tisa ujumbe wake ukaingia: Wamenichukua, nalala huku. Basi. Hakuna neno mama.

Jumapili, 14 Julai

Misa ya pili. Kwaya imeimba kwa ngoma na kayamba. Pale gitaa la Felista linapoingiaga walinyamaza, kisha wakaendelea. Sikuimba.

Nimemwandikia nikiwa kwenye mawe ya nje ya kanisa. Mwanangu, ile jeki inashika? Umekula? Kama bado umekasirika na mimi niambie hivyo hivyo, nitavumilia. Nijibu upesi. Hata neno moja.

Simu nimeiweka kifuani, ndani ya kanga.