Mawe Niliyoyafagia Makaburini

Kwako Mama, hapo Kisaju. Nyinyi mnachomwa na jua, mimi huku Ujerumani baridi inaniuma masikio.

Mama, nimefanya kosa kubwa! Nyuma ya hiki kijiji kuna makaburi ya Wayahudi. Juu ya kaburi moja nilikuta kokoto zimejaa, nikadhani ni uchafu wa watoto, nikazifagia zote vile ulinifundisha kwa kaburi la Baba. Mama mwenye nyumba ninayolala akaja mbio akipiga kelele. Kumbe Wayahudi hawaweki maua, huweka jiwe kuonyesha wamekuja kumkumbuka marehemu. Kila kokoto ililetwa na mjukuu aliyetoka ng'ambo.

Nikamwambia, "Basi nipeleke kwao niwaombe msamaha."

Akaniuliza, "Kwa nani? Waliowahi kutoroka walienda Amerika. Waliobaki walichukuliwa wakati wa vita, wakauawa, hata watoto."

Wote, Mama! Na nyumba zao ziko hapa, watu wameanika nguo kwa dirisha.

Nimerudisha zile kokoto moja moja, nikaongeza yangu. Ukienda kufagia kwa Baba, mwachie kokoto moja ya hapo Kisaju, umwambie ni mimi.

Nakupenda sana,
Nafula