Bwana Harusi Hali Vidonge

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, goti tu ndilo linanisumbua nikipanda ngazi. Wewe je? Kazi ya kuchomelea meli inaendaje, na macho unayakinga? Nakuandikia kwa sababu unanijua na simu, nikisikia sauti yako nasahau niliyotaka kusema.

Tangi lako la samaki ni zima. Yule samaki wako mandarini nimempa jina Bwana Harusi, maana amevalia buluu na machungwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Kutwa anazunguka chini kama mtu aliyepoteza kifungo.

Kulikuwa na tatizo, nalo nimelimaliza. Juzi nilivaa miwani nikaona vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya chumvi, vinatambaa kwenye kioo na kwenye mawe. Miaka thelathini na moja nimechemsha vyombo vya upasuaji hospitalini, halafu nyumbani kwangu wadudu! Nikatoa yale mawe manne ya nyuma yasiyo na matumbawe, nikayasugua kwa brashi, nikayachemsha dakika ishirini. Yalipopoa nikayarudisha. Yanang'aa mpaka raha.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti limepata nafuu? Mimi mzima, kazi inaendelea vizuri.

Baba, wale wadudu ndio chakula chake! Mandarini hali vidonge vya chakula vya dukani. Anachojua ni kudonoa vidudu hai kwenye mawe, asubuhi mpaka jioni. Umemchemshia ghala zima. Kwa nini hukuniuliza? Ndiyo tabia yako, ukishaamua umeamua. Si kila kinachotambaa ni uchafu, Baba.

Mtazame tumbo. Likibonyea, ujue anakufa njaa.

Mwanao

9 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na simu hupokei. Jirani yetu fundi viatu ameniambia u mzima ila huonekani nje. Barua ile niliiandika kwa hasira. Nisamehe.

Kuna jambo nilikuficha. Muuza samaki wa mapambo alinikanya kabla sijanunua. Alisema tangi dogo kama langu halimlishi mandarini, anawamaliza wadudu kabla hawajazaliana. Nikajifanya mjuaji. Kila wiki nilikuwa namwagia humo chupa ya wadudu hai, wewe nikikwambia ni dawa ya maji. Nilipoondoka nikanyamaza, nikajipa moyo kwamba watatosha. Niliona haya kukwambia kwamba nimeshindwa. Bila shaka samaki alishaanza kukonda kabla hujawasha jiko.

Kama amekufa, niambie tu.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nakula na kulala, lakini naona aibu, ndiyo maana sikukujibu.

Tumbo lilikuwa limebonyea kweli. Nilimpa vidonge, kamba wa kusagwa, hata kiini cha yai. Alivipita kama havioni. Nikaenda kwa yule muuzaji wako, nikanunua chupa ya wadudu, nikawa namdondoshea kwa bomba la sindano mara tatu kwa siku. Nilipiga magoti mbele ya kioo, na goti langu unalijua. Alikula, lakini chupa ikiisha tumbo liko palepale.

Muuzaji akanishauri nimpeleke kwa daktari wa meno wa mtaa wa nyuma. Ana tangi refu kama kitanda, la miaka tisa, na mawe yake yamejaa wadudu tele. Nikakataa. Nikamwambia samaki si wangu, mwenyewe yuko mbali, nami nimeshamkosea mara moja. Kesho yake ikafika barua yako ya pili. Niliisoma mara mbili, nikachukua ndoo. Ruhusa sikukuomba, na hilo unisamehe.

Kila Ijumaa naenda kumwona. Nakaa pale na watu waliovimba mashavu. Dada wa mapokezi aliniuliza jino gani linauma, nikamwambia meno yangu salama, mimi ni jamaa wa samaki. Alicheka, ila siku hizi ananiwekea kiti karibu na kioo. Ijumaa iliyopita tumbo lilikuwa limejaa vizuri. Nilitaka kumwonyesha mtu, nikamwonyesha mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kung'olewa.

Sasa nisikilize. Kilichoniuma si samaki. Kimeniuma kwamba uliona haya kuniambia umeshindwa. Nimetandaza barua zako zote mezani, za mwaka mzima. Kila moja wewe ni mzima na kazi inaendelea vizuri, hata mafua hupati. Niambie kweli, mwanangu. Hali yako ikoje?

Baba yako

21 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Kila nikianza naandika mimi mzima, kisha naichana.

Si mzima, Baba. Jicho la kushoto linaona ukungu tangu Januari, na msimamizi wangu hajui. Nachomelea kwa kukisia. Chumbani tuko sita na sina hata mmoja wa kuzungumza naye. Nilisema nikirudi kabla ya miaka mitatu, watu wataniona nimeshindwa. Nimechoka. Nataka kurudi nyumbani, ila sijui utanionaje.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Salamu tutapeana ukifika. Rudi.

Baba yako