Kauri Iliyosagwa Katika Gari la Mjomba Réjean

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Sherbrooke, Quebec

Jina: Maélie Bolduc. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi. Makazi: Sherbrooke, kwa mama yangu. Nimeomba kueleza kwa Kifaransa. Kiingereza nakijua, ila nikiwa na hofu kinanikimbia.

Mnamo tarehe 11 Machi, majira ya saa kumi na moja jioni, nilikuwa garini na mjomba wangu Réjean Thibodeau. Yeye huendesha tanuri katika kiwanda cha vifuniko vya injini za ndege. Askari alitusimamisha kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa haiwaki. Akaona mfuko wa vumbi jeupe miguuni pangu, akauliza ni nini.

Mjomba akacheka. "Unga tu, bosi. Kiwandani bila huo mambo hayaendi."

Kweli kiwandani wanauita unga. Ni kauri iliyosagwa, ile ya vigae na vyombo. Lakini mjomba aliwahi kutumia dawa za kulevya, na ingawa ameziacha, jina lake bado mnalo hapa. Akafungwa pingu. Mimi nilinyamaza. Huwa nanyamaza.

Jana mkewe, Josiane, alimwambia mama mbele yangu, "Safari hii asirudi kwangu. Nimechoka kudanganywa."

Mjomba naye alinipigia kutoka mahabusu. "We mpwa, funga bakuli lako. Ukisema mfuko ulikotoka, kazi sina."

Mfuko ulitoka kiwandani, bila ruhusa. Niliuomba mimi.

Plastiki ya kuhimili joto la injini huanza kama gundi ya majimaji, kisha huokwa ikakauka. Inapokauka hutoa joto lake yenyewe. Joto likinaswa katikati, ndani huungua, pembeni bado laini. Kauri hulisambaza. Mjomba alinieleza hivyo, nikamwambia siamini. Akaniletea kauri kidogo kwenye kopo. Nikamimina gundi kama hiyo ya dukani katika vikombe viwili, kimoja nikakitia kauri. Kisicho na kauri kilifuka moshi, kikapasuka. Chenye kauri kilikauka sawasawa. Furaha ilininyima usingizi, naona aibu kusema. Nikataka kujua ukizidisha kauri inakuwaje, ndipo akachukua mfuko mzima.

Vikombe vyote viwili nimevileta. Sajini Gaudreau amevigeuzageuza.

"Enhe, na ukizidisha inakuwaje?"

"Sijui. Mfuko mnao nyinyi."

Amecheka, kisha ameniambia nifikirie vizuri kabla ya kutia sahihi, maana kiwanda kitapata habari. Nimefikiri. Mjomba hajarudia dawa. Aliiba kauri kwa ajili yangu.

Nimeyasema haya kwa hiari, wala hakuna aliyenituma.

(Sahihi) M. Bolduc

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo yake mbele ya mama yake, ameyakubali. Sampuli ya mfuko na vikombe viwili vimepelekwa maabara. Mke wa mtuhumiwa, aliyekuwa akingoja kwenye benchi nje, ameomba naye asomewe. Shahidi ameruhusu. Mke huyo amesomewa mara mbili, kwa ombi lake.
Sajini P. Gaudreau