Herufi Zinazoanzia Kushoto

Mama yangu mkwe, mama wa Hamisi,

Jana tumekusomea hitima ya arobaini, hapa hapa Miyomboni. Watu walijaa mpaka barazani, wali ukatosha, na chumvi niliipima kwa mkono wangu mwenyewe. Najua ungeonja kwanza ndipo uamini. Leo nyumba imetulia, Hamisi ameondoka na lori kwenda Mbeya, nami nimekaa kwenye mkeka wako na lile daftari lako jeusi. Nimeona nikuandikie. Utanisamehe, naandika kwa herufi zangu.

Unakumbuka ulivyonipa kazi hii? Nilikuwa na mimba ya Mwanaidi, miguu imevimba, hata sokoni siendi. Ukatoka chumbani na daftari limejaa herufi za Kiarabu: nani kazaliwa lini, nani kafariki, dawa ya tumbo la mtoto, kipimo cha bizari ya pilau, safari yenu ndefu kutoka Bagamoyo na marehemu baba. Ukasema, "Mke wa Hamisi, wajukuu zangu watasoma shule kama wewe. Wakiliona hili watadhani ni hirizi. Mimi nitasoma, wewe andika kwa herufi zenu."

Mke wa Hamisi! Jina la Zaituni ulinichagulia mwenyewe siku niliposilimu, halafu ukaliweka kabatini. Muuza maziwa ulimwita mwanangu. Paka, yule mwizi, ulimwita mwanangu. Mimi miaka yote nilikuwa mke wa Hamisi, na iliniuma, mama. Sikukuambia, lakini iliniuma sana.

Karatasi hukutaka ichezewe. Niliandika kwanza kwenye ubao wa chuo cha Kurani aliosomea Hamisi, kwa wino wa masizi, kisha nikakusomea. Ukiridhika, ndipo nihamishie kwenye daftari jipya. Ulikuwa unakaa nyuma ya bega langu, unakagua kwa sikio, maana ulisema herufi zetu hazikuingii akilini. "Mnaanzia kushoto! Astaghafirullahi, kama mtu anayekula kwa mkono wa kushoto."

Na vita vikaanza. Mimi mtoto wa Kibena, nimekulia kwenye mahindi na nyimbo za Kilutheri, ulimi wangu ulisema "samani" na "zambi". Ukanishika kidevu. "Toa ulimi nje kidogo, kama paka anayeonja maziwa. Dhambi! Utatubu vipi kitu ambacho hata kukitaja huwezi?" Kwenye neno kheri ukaniambia nikohoe kidogo, nikakohoa, ukasema, "Kidogo nimesema! Huyo sasa ni mgonjwa." Ile h ya kifuani, ya kwenye rehema, sikuwa na herufi yake, basi nikaandika h ya kawaida nikaitilia nukta chini. Ukauliza nukta ya nini. Nikasema, hiyo ni pumzi yako, mama. Ukajifanya unatafuta tasbihi.

Lakini nami nilikupata. Kwa kukufuata kidole ukisoma, herufi zako zilianza kuniingia, na siku moja nikaona pilipili umeiandika kwa be, ile b ya Kiarabu. Nikauliza, "Mama, bilibili ni mboga ya wapi?" Ulicheka mpaka miwani ikadondoka.

Ubao ukijaa uliuosha mwenyewe, na maji yake ulikwenda kuyamwaga kwenye shina la mndimu, mahali ambapo mguu wa mtu haukanyagi, kama mlivyofanya na maji ya mbao za chuo. Nilikuambia, "Mama, haya si maandishi ya chuoni, ni herufi za shule tu." Ulinitazama kama niliyetukana. "Hapo kuna majina ya wazee wangu. Nitayamwaga njiani yakanyagwe na punda?" Toka siku ile niliandika kwa adabu zaidi.

Tukafika ukurasa ule. Uliutazama, ukanisukumia daftari. "Huu soma mwenyewe. Mimi napepeta mchele." Ukatoka na ungo.

Nilihangaika nao asubuhi nzima, herufi moja moja. Uliandika: "Leo Hamisi kaleta mke wa bara. Hajui kuchambua mchele, hajui kukaa na watu. Nimelia mpaka macho yamevimba. Mola nipe subira." Chini yake nusu ya ukurasa ilikuwa tupu. Nilikusikia nje, ungo unakwenda, unasimama, unakwenda. Nikajua unanisikiliza kama nalia. Sikulia. Nilikasirika! Nikachukua kalamu yako, nikaandika papo hapo kwa herufi zako, mbovu mbovu, zimelala kama walevi: "Wali ulionipa siku ile ulizidi chumvi. Nilikula wote kwa heshima. Na mimi nililia."

Nikakuletea. Ukavaa miwani, ukasoma, ukasoma tena. Nilitarajia kofi au msamaha. Ukasema, "Chumvi?" Basi. "Chumvi?" Mpaka alasiri ya kesho yake hukunisemesha neno, na jioni ukanisukumia sahani: "Onja kwanza, mke wa Hamisi, usije ukaniandika." Hamisi alitutazama hakuelewa kitu, na hatukumwambia. Lakini tangu hapo uliniachia funguo za stoo, na Mwanaidi alipozaliwa ulimwogesha wewe siku arobaini, hukumpa mtu. Nilisema moyoni, inatosha, lile neno ulilompa hata paka nitalikosa. Ukaja kuugua kifua katika baridi ya mwezi wa sita, ukaondoka, na kweli nikalikosa.

Sasa sikiliza nilichokiona leo. Nimefungua daftari nianze kuuhamisha ukurasa ule, maana ndio peke yake uliobaki. Chini ya maneno yangu kuna mstari wa kalamu ya risasi. Herufi zangu, mama! Kubwa, zimepinda, zimeanzia kushoto. Ulijifunza lini wewe? Muda ule wote nikidhani unasikiliza kwa sikio, kumbe macho yalikuwa ubaoni. Umeandika: "Chumvi haikuzidi. Usilie mwanangu." Na h umeitilia nukta chini mahali isipotakiwa, ile ile pumzi yako. Safari hii mimi ndiye ningekusahihisha, na siisahihishi ng'o.

Nimelia, mama. Nimelia mpaka Mwanaidi kaja kunishika magoti, ananiuliza nani kanipiga. Nikamwonyesha mstari wako. Kesho nampa ubao wa baba yake: alifu aianze kulia, a aianze kushoto, na maji yake tutayamwaga kwenye mndimu wako. Ukurasa ule nitauandika wote kama ulivyo, machozi yako na yangu, wajukuu wasome wacheke.

Mola akurehemu, na hiyo h nimeitamka kama ulivyonifundisha. Ila chumvi ilizidi, mama. Wallahi ilizidi.

Mwanao,
Zaituni