Begi la Hoki

Corliss, uko? Nakuandikia nikiwa garini, nje ya klabu.

Leo mchana tumeshinda ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, na unajua desturi ya klabu: ukishinda, unakaa meza moja na uliowafunga. Basi mimi na mpenzi wangu Anselm tukakaa na Kirby. Kirby! Yule niliyekuwa natesa naye watoto wa watu shuleni.

Akainua bia, klabu nzima inamsikiliza: "Huyu Brock alimfungia Leland ndani ya lile begi kubwa la vifaa vya hoki, eti anatembea kama demu! Kumbe bwana, ulikuwa unamtamani!"

Wakacheka wote. Kama vile Leland alikuwa anachumbiwa mle ndani.

Na mimi nikacheka. Corliss, NIKACHEKA. Miaka kumi najiambia nimebadilika, mdomo ukafunguka wenyewe.

Yule mama anayehudumu jikoni alikuwa amesimama pale pale na pai ya tufaha. Akanikatia kipande. "Kula, mwanangu." Sikuweza kumtazama. Pai nimeitema kwenye karatasi.

Anselm hakucheka. Tulipoingia garini akaniuliza, "Alikaa humo muda gani?"

"Masaa matatu."

"Nani alimtoa?"

Nilijikuta nanong'ona. "Mama yake. Huyo wa pai."

Ameshuka, karudi ndani. Namwona dirishani, kakunja mikono ya shati, anamfutia yule mama sahani. Mlango wa klabu uko wazi, na mimi nimekaa hapa nakuandikia wewe.